Ebanga: jinsi dawa ya Ebola ilivyolindwa ikiwa bado inajaribiwa

Fundi wa Kalemie aliyebuni taa mpya ya kuvutia samaki wadogo waitwao ndakala hana pa kuijaribia isipokuwa Ziwa Tanganyika lenyewe, usiku, katikati ya mitumbwi ya wenzake. Kabla hakujapambazuka, jirani ameshaona jinsi balbu zilivyopangwa na betri ilivyofungwa. Baada ya muda mfupi taa za namna hiyo zinauzwa ufukweni, na aliyezibuni hana hoja ya kumpeleka mtu mbele ya hakimu. Jaribio analihitaji, maana bila jaribio hajui kama taa inafaa. Na jaribio hilohilo ndilo linalomnyang'anya.

Mfano wa watu waliovuka mtego huu hatuna haja ya kuutafuta Ulaya. Uko Kivu Kaskazini, miaka ya 2018 na 2019, katika jaribio la dawa za Ebola lililopewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Moja ya dawa zilizojaribiwa, mAb114, leo inaitwa Ebanga, na chanzo chake ni damu ya Mkongo aliyepona. Nataka tuitazame njia iliyopita hatua kwa hatua, kwa sababu katika kila hatua kuna kitu kilichofichwa na kitu kilichoachwa wazi. Kugawa hivyo viwili ndiko kulikoamua mambo.

Tuanze 1976. Jean-Jacques Muyembe, wakati huo mtaalamu kijana wa virusi, alitumwa Yambuku, katika jimbo la Ikweta, kuchunguza homa iliyokuwa ikiua watu kwenye hospitali ya misheni. Alitoa damu za wagonjwa mikono mitupu, bila glavu, kisha akarudi Kinshasa na mtawa mmoja aliyekuwa mgonjwa. Damu ya mtawa huyo iliwekwa katika chupa ya chai na kupandishwa ndege ya abiria hadi Antwerp, Ubelgiji. Kutoka huko ikafika maabara za Uingereza na Marekani, na virusi vipya vikatambuliwa. Kwa miaka mingi, sifa ya ugunduzi ilikwenda kwa waliofungua ile chupa, na aliyeijaza hakutajwa sana. Wakati ule hakukuwa na uvumbuzi wa kulinda, lakini tayari kazi ya Kongo ilikuwa inatoka nje bila jina la mwenyewe kuandikwa juu yake.

Wazo lenyewe lilizaliwa Kikwit, 1995. Ebola iliwapata watu 315 na kuua takriban 250 kati yao. Muyembe na madaktari wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakapona. Matokeo yalichapishwa 1999, na wataalamu wengi hawakushawishika: wagonjwa walikuwa wachache, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na damu ilitolewa mwishoni mwa mlipuko, wakati huduma ilikuwa imeboreka. Hoja hizo zilikuwa na uzito.

Kwa upande wa sheria, Kikwit inafundisha jambo ambalo wabunifu wengi hawapendi kulisikia. Wazo la kumtibu mgonjwa kwa damu ya aliyepona lisingeweza kuwa mali ya mtu. Lilikuwa la zamani. Emil Behring na Kitasato Shibasaburō walionyesha mwaka 1890 kwamba maji ya damu ya mnyama aliyepata kinga yanaweza kumkinga mwingine. Tena lilikuwa wazo tupu, yaani halikusema ni kitu gani ndani ya damu kinachoponya. Hataza, au breve kama wengi wetu tunavyoiita, hutolewa kwa kitu kipya kinachoweza kuelezwa kiasi kwamba fundi mwingine akisoma maelezo ataweza kukitengeneza. Mtu akija na "damu ya waliopona ina nguvu", ofisi ya hataza haina cha kumpa.

Kazi ya kugeuza wazo kuwa kitu ilianza 2006. Damu ilichukuliwa kwa watu wawili walionusurika Kikwit, miaka 11 baada ya kuugua. Muyembe alikuwa akishirikiana na Nancy Sullivan wa kituo cha utafiti wa chanjo cha taasisi za afya za taifa za Marekani. Seli za kinga za mmoja wao zilifanyiwa kazi na Davide Corti na Antonio Lanzavecchia huko Bellinzona, Uswisi. Walizifanya seli hizo ziendelee kuishi katika maabara, wakachuja kingamwili moja baada ya nyingine hadi wakaipata ile inayoshika virusi mahali pabaya kwavyo: pale virusi vinaponuia kufungua mlango wa seli ya binadamu. Ndiyo mAb114.

Hapo wazo lilipata mwili. Kingamwili hiyo ina mpangilio wake wa asidi amino, unaoandikika herufi kwa herufi, na mpangilio huo ndio unaoweza kudaiwa kuwa mali. Miaka iliyofuata ilipita kimya. Watu wa nje hawakusikia habari za mAb114 hadi ombi la hataza lilipokuwa limeshawasilishwa. Makala ya kisayansi ilitoka katika jarida la Science mwaka 2016, ikieleza kwamba nyani walioambukizwa waliokolewa na kingamwili hiyo peke yake, hata ilipotolewa siku 5 baada ya maambukizi. Makala ya pili katika toleo hilohilo ilionyesha hata umbo lake na jinsi inavyojibana kwenye virusi.

Mpangilio huo wa mambo ndio kiini cha uchambuzi huu. Kwanza ombi, kisha maneno. Baada ya ombi kupokelewa na kupewa tarehe, watafiti waliweza kusema kila kitu, na kusema kukawasaidia: wataalamu wengine walikagua, wakaamini, na njia ya kufika kwa wagonjwa ikafunguka. Wangechapisha kwanza, nchi nyingi zingehesabu uvumbuzi huo kuwa si mpya tena. Ziko nchi zenye huruma kidogo; sheria ya Kenya ya 2001 humwachia mvumbuzi miezi 12 tangu atangaze mwenyewe. Kuitegemea huruma hiyo ni hatari, kwa sababu nchi jirani huenda haina.

Mei 2018 dawa ilianza kutolewa kwa watu wazima wenye afya huko Bethesda, Marekani. Walikuwa 18, na lengo lilikuwa kupima usalama tu. Agosti mosi mwaka huohuo mlipuko ukatangazwa Kivu Kaskazini. Tarehe 20 Novemba 2018 jaribio la Pamoja Tulinde Maisha likaanza, likafanyika katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Dawa zilikuwa nne: ZMapp iliyokuwa kipimo cha kulinganishia, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Mgonjwa alipangiwa dawa kwa kura, ili daktari asimchagulie anayempenda.

Tazama sasa tofauti na taa ya ziwani. Wauguzi walijua ni dawa gani wanaitundika kwenye dripu. Familia ziliona chupa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, na kazi ikaendelea. Jaribio zima lilifanyika mbele ya macho ya watu, lakini uvumbuzi haukuvuja, kwa sababu mbili. Ya kwanza: chupa ya mAb114 haisomeki kwa macho, aliyeiona hakupata kujua namna ya kuitengeneza. Ya pili: hata mtu mwenye maabara kubwa aliyeweza kuichambua angekuta ombi la hataza limemtangulia. Kutosomeka kwa dawa kulilinda kile kisichoonekana, na karatasi ikalinda kile kinachoweza kuchambuliwa. Taa ya kuvulia haina ile kinga ya kwanza hata kidogo, kwa hiyo karatasi inahitajika mapema zaidi, kabla ya usiku wa kwanza majini.

Tarehe 9 Agosti 2019 bodi iliyosimamia usalama wa jaribio ilishauri jaribio lisimamishwe, wagonjwa 681 wakiwa wameshaandikishwa. Waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 49.7 kwa ZMapp na 53.1 kwa remdesivir, dhidi ya 35.1 kwa mAb114 na 33.5 kwa REGN-EB3. Jina la kwanza kwenye makala ya matokeo lilikuwa la Mkongo, Sabue Mulangu. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Ebanga.

Lakini leseni ya kuitengeneza na kuiuza ilikuwa imetolewa Desemba 2018, mwezi mmoja tu baada ya jaribio kuanza, na taasisi za afya za taifa za Marekani kwa kampuni ya Ridgeback Biotherapeutics ya Miami. Nadhani hapa ndipo Wakongo tunapaswa kuumia na kufikiri. Ulinzi ulifanya kazi yake barabara, na dawa imeokoa watu. Hata hivyo, aliyeshika kalamu wakati wa kuandika ombi ndiye aliyekuja kuamua nani atengeneze. Kutoa damu, kutoa wagonjwa, kutoa hata jina la Kiswahili hakukuipa nchi kauli hiyo.

Muyembe alilielewa hilo. Mwaka 2019, akiwa mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, aliamua kwamba sampuli za damu za mlipuko ule zibaki Kongo, na anayetaka kuzichunguza aje kuzichunguzia hapa. Sampuli ikikaa nyumbani, mazungumzo ya umiliki yanafanyika kabla ya kazi kuanza. Huo nao ni ulinzi wa uvumbuzi, na kwa maoni yangu ndio uliochelewa kuliko wote.

Kwa mbunifu wa Kalemie, sheria inayomhusu ni ile namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Kongo haimo katika OAPI wala ARIPO, mashirika ya Afrika yanayosajili hataza kwa nchi nyingi kwa pamoja, kwa hiyo ombi linapelekwa kwa wizara ya viwanda, Kinshasa. Faida ipo: nchi yetu ni mwanachama wa Mkataba wa Paris wa kulinda mali ya viwanda, na aliyewasilisha Kinshasa ana miezi 12 ya kuwasilisha Tanzania au Kenya huku tarehe yake ya kwanza ikihesabiwa. Kabla ya hapo afanye yaliyo ndani ya uwezo wake: daftari lenye tarehe na michoro, lililosainiwa na mashahidi wanaoelewa kazi, mkataba wa usiri na mchomeleaji na muuza betri kabla hawajaona chochote, na kila fundi apewe kipande chake tu.

Kinachobaki ni umbali. Kinshasa ni safari ya ndege, na nauli yake inaweza kuzidi gharama ya kutengeneza taa yenyewe. Serikali ya jimbo la Tanganyika ingeweza kuiomba wizara iruhusu maombi yapokelewe na kupigwa muhuri wa tarehe hapahapa Kalemie, kisha yatumwe. Mtumishi mmoja mwenye rejista, muhuri na kabati linalofungwa anatosha kuanzia.