Hasimu si mshindani, na kufungwa bao si kukosewa

JUMAPILI moja nilikuwa kwenye kibanda cha chai nikisubiri mvua ipungue. Redio ilikuwa ikipasha habari za michezo. Mtangazaji akasema kwa mbwembwe kuwa Gor Mahia ‘wamejiandaa kulipiza kisasi dhidi ya wahasimu wao wa jadi’, AFC Leopards. Mzee mmoja aliyekuwa akichovya mandazi kwenye chai akaguna, kisha akanigeukia.

“Mwalimu, hebu nieleze. Kwani hawa Ingwe waliwafanyia nini K’Ogalo?”

Nikamwambia kwamba waliwafunga katika mechi iliyopita.

“Sasa kumfunga mtu bao ni kumkosea?”

Nilicheka, lakini swali lake limenikaa kichwani hadi leo. Katika sentensi ile moja ya mtangazaji mna makosa mawili ya maana na moja la umbo. Nitaanza na lile la umbo kwa sababu ndilo jepesi zaidi.

Nomino ‘hasimu’ imetokana na Kiarabu na tayari inamrejelea mtu. Wingi wake ni ‘mahasimu’. Kwa hiyo tunasema ‘hasimu wake amefika’ na ‘mahasimu wake wamefika’. Wapo wanaoitetea ‘mhasimu’ kwa hoja kwamba ‘hasimu’ ni kitenzi pia, na kwamba ikiwa ‘safiri’ imetupa ‘msafiri’, basi ‘hasimu’ nayo ina haki ya kutupa ‘mhasimu’. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Hata hivyo, lugha haina haja ya kuunda nomino ya mtendaji pale ambapo nomino hiyo ipo na inafanya kazi yake bila tatizo. Hatusemi ‘mrafiki’ wala ‘madui’ kwa mtu mmoja. Vivyo hivyo, ‘hasimu’ hahitaji kuvishwa kiambishi kingine ili awe mtu.

Suala la maana ndilo zito. Huko lilikotoka, neno hili humrejelea mtu wa upande wa pili katika kesi au mzozo. Kiswahili kimelichukua na uzito huohuo. Waliohasimiana ni watu waliogombana, wakanuniana, na pengine hata salamu hawapeani. Hali hiyo ndiyo tunayoiita ‘uhasama’. Mshindani ni mtu tofauti kabisa. Neno lenyewe limejengwa juu ya kitenzi ‘shindana’, na ile ‘-an-’ ya kutendana inatukumbusha kwamba kila mmoja anamhitaji mwenzake ili shindano liwepo. Mpinzani naye anapinga hoja, sera au mamlaka. Anaweza kukupinga bungeni asubuhi na mchana mkala pamoja.

Yupo pia ‘hasidi’, ambaye wengi humchanganya na hasimu kwa sababu ya kufanana kwa sauti. Hasidi ana husuda. Anaumizwa na neema yako hata kama hujawahi kumtendea ubaya, ndiyo maana wahenga wakasema hasidi hana sababu. Hasimu anayo sababu, iwe ya haki au ya uongo. Hiyo ndiyo tofauti kati yao.

Mfano mmoja wa siasa zetu unaonyesha jinsi maneno haya yanavyopokezana. Katika uchaguzi wa Agosti 2017, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walikuwa washindani. Baadaye Mahakama ya Juu ikafuta matokeo, Raila akasusia uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, na Januari 30, 2018 akala kiapo chake mwenyewe katika bustani ya Uhuru. Wakati huo kuwaita mahasimu kulistahili. Machi 9, 2018 wakapeana mikono mbele ya Jumba la Harambee, na kufikia 2022 Uhuru alikuwa akimpigia Raila debe. Mwandishi aliyewaita ‘mahasimu’ tangu siku ya kwanza ya kampeni alibaki bila neno pale uhasama wenyewe ulipofika.

Sasa tuje kwenye kisasi. Neno hili nalo ni la Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu lina mpaka: atendaye jinai hulipwa kwa kadiri ya jinai yake, bila kuzidisha. Mzizi wake ndio uliotupa pia neno ‘kisa’, na maana yake ya asili ni kufuata nyayo. Anayesimulia kisa hufuata nyayo za matukio, na anayelipa kisasi hufuata nyayo za aliyemdhulumu. Kwa hiyo kila kisasi sharti kiwe na kisa, yaani kosa lililotangulia. Palipokosekana kosa hapana kisasi.

Tuongeze neno kuhusu mtendaji wake. Nimewahi kusoma sentensi kama ‘mlipiza huyo alikamatwa’. Sivyo. Nomino za aina hii zinazoishia kwa ‘-a’ huhitaji kijalizo: mpiga ngoma, mla nyama, mlipiza kisasi. Ikisimama peke yake hubadilika umbo, kama tunavyosema mpigaji, mlaji na mlipizaji.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya kandanda tu, mbona unayakazia hivyo? Nayakazia kwa sababu nchi hii inajua kisasi halisi kilivyo. Mwishoni mwa Januari 2008, mauaji ya Nakuru na Naivasha yaliitwa mashambulizi ya kulipiza kisasi, na kwa kweli ndivyo yalivyokuwa. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliofariki katika ghasia zote za baada ya uchaguzi. Tukilitumia neno lilelile kwa timu iliyofungwa bao moja kwa halali, tunakuwa tumefanya mawili kwa mpigo: tumelifanya jeraha kuwa mchezo, na tumeufunza mchezo kwamba ni jeraha. Kijana anayesikia kila wikendi kwamba kushindwa ni deni la kulipizwa, tutamshawishi vipi siku ya uchaguzi kwamba kushindwa ni kushindwa tu?

La kushangaza ni kwamba mashabiki wametutangulia sisi wenye kalamu. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards wao huiita debi ya mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya ni majirani waliooana tangu zamani. Majirani zetu wa Tanzania nao huwaita Simba na Yanga watani wa jadi. Shemeji na mtani ni watu unaoweza kuwacheka wakishindwa, kisha mkaketi nao mezani. Hasimu huwezi kumfanyia hivyo.

Kwa hiyo mtangazaji wetu angesema: ‘Gor Mahia wamejiandaa kujikomboa watakapokutana na washindani wao wa jadi.’ Angetaka utamu zaidi, angesema mashemeji. Mzee wa kibandani asingeguna. Angemalizia mandazi yake na kuuliza tu mechi inaanza saa ngapi.