Kibao Kilichoachwa Mezani

Mwaka 2010, miaka miwili kabla ya Olimpiki ya London, shirika la sanaa la Sing London lilitawanya meza 100 za tenisi ya meza katika bustani na viwanja vya wazi vya jiji hilo. Mradi uliitwa Ping! Hapakuwa na kiingilio, uanachama wala kuomba zamu. Vibao na mipira vilikuwa pale pale. Mpita njia aliviokota, akacheza.

Kwangu mimi, ufundi wote uko kwenye kile kibao. Bustani za Berlin zina meza nyingi za zege, baadhi zikiwa na wavu wa chuma, na zinachezewa kweli. Lakini mchezaji wa huko huja na kibao chake, kwa kuwa mazoea yalishajengeka. Wakiwa wengi huizunguka meza mbio, kila mmoja akipiga mara moja na kumpisha wa nyuma yake. Mchezo huo wanauita Rundlauf. London ilimtafuta mtu mwingine: karani aliyetoka kula chakula cha mchana, ambaye asubuhi hakuwa na wazo la kucheza chochote. Ukimwambia akanunue kibao kwanza, umeshampoteza.

Mchezo nao ulifaa. Meza ina urefu wa mita 2.74 tu, na tangu 2001 seti huishia pointi 11 badala ya 21, kwa hiyo dakika chache zinatosha, tena kwa nguo zile zile za kazini. Tatizo ni upepo: mpira wa gramu 2.7 hauuwezi, na meza hutaka kinga ya ukuta au miti.

Na wizi je? Hofu hiyo imezika mipango mingi ya namna hii. Sing London walikuwa na sababu ya kuwaamini watu: mwaka 2009 walishaweka mitaani piano za msanii Luke Jerram, na wapita njia wakakaa kuzipiga. Hata hivyo mpira hupasuka na kibao hubebwa. Vihesabiwe kama sabuni ya kunawia mikono, vitu vya kuisha na kujazwa tena.

Baadaye Ping! ilifika miji mingine ya Uingereza, na meza nyingi ziliachiwa wakazi. Diwani unayepitisha bajeti ya bustani, ukiandika fungu la meza, nakuomba uandike na la mipira, kila mwaka.