Aghalabu: mara nyingi au mara chache?

Soma sentensi hii: "Maduara ya huku aghalabu huporomoka wakati wa masika." Je, ungeshuka?

Niliwauliza vijana wanne hapa Kahama, wote wasomaji wazuri wa riwaya. Wawili walisema hawashuki ng'o, maana maduara yanaporomoka mara nyingi. Wawili wakasema hamna shida, ni mara chache tu. Sentensi ni moja, maana mbili zinapingana, na katikati yake kuna roho ya mtu.

Hebu tulifuatilie neno lenyewe. Aghalabu limetoka katika Kiarabu, aghlab, yaani "walio wengi" au "sehemu kubwa". Mzizi wake una maana ya kushinda. Humo ndimo lilimotoka hata jina la kishairi la Mirza Ghalib, yule mshairi mkubwa wa Kiurdu: mshindi. Kwa hiyo kilicho kingi ndicho kilichoshinda. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) nayo inalieleza vivyo hivyo: mara nyingi.

Sasa hiyo "mara chache" imeingilia wapi? Mimi nahisi mlango ni ukanushi. Mtu akisema "si aghalabu kumkuta nyumbani", ana maana si kawaida, yaani ni nadra. Sikio likishazoea kulisikia neno hili palipo na unadra, ile "si" inadondoka, na kesho tunasoma "ni aghalabu kumkuta nyumbani". Ndiyo maana ninapohariri nina kipimo kidogo. Aghalabu ni kielezi, hukaa na kitenzi, hasa chenye hu-: "aghalabu hula ugali". Ukikuta "ni aghalabu", shuku kwamba mwandishi amekusudia nadra.

Waingereza nao wana lao, wherefore. Wengi hudhani Juliet wa Shakespeare, akilitamka pale roshani, anauliza Romeo yuko wapi. Sivyo. Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa ukoo wa maadui. Asiyelielewa neno hilo anaukosa msiba wenyewe, maana shida ya Juliet ni jina, wala si mahali.

Wapo watakaosema lugha ni ya wasemaji, maana ikihama tuifuate. Sawa, maneno huhama. Lakini hili halijahama. Limeweka mguu mmoja huku na mwingine kule, na msomaji ndiye anayeumia. Nadra tunalo tayari na linatosha, basi aghalabu tuliachie kazi yake ya asili katika hadithi na makala zetu. Tusilichomeke tu ili tuonekane wasomi.

Ila kwenye kibao cha tahadhari mgodini, ndugu yangu, andika "mara nyingi". Halina mbwembwe, lakini hakuna atakayelisoma kinyume.