Kisima cha Kusugu na Hadithi ya Bayajidda
Katika mji wa Daura, kaskazini ya Nijeria, kipo kisima cha kale kiitwacho Kusugu, ambacho Wahausa hukihesabu kuwa chimbuko la dola zao. Hadithi yasema kwamba Bayajidda, mwana wa mfalme wa Baghdad, alimwua nyoka aliyewazuia watu wasiteke maji ila siku ya Ijumaa, akamwoa Malkia Daurama. Na kizazi chake kikatawala ile Miji Saba ya Kihausa.

Waandishi kadhaa wa enzi ya ukoloni waliichukua hadithi hii kuwa ushahidi kwamba utawala uliletwa na wageni. Hadithi yenyewe haikubali fasiri hiyo. Wahausa hulieleza jina la mgeni kuwa ni maneno ba ya ji da, yaani “zamani hakuwa akisikia”, kwa maana ya kutoijua lugha yao, kama nasi tusemavyo kuwa fulani hasikii Kiarabu. Huenda maelezo haya yalibuniwa baadaye. Hata hivyo yaonyesha kwamba mgeni ndiye aliyejifunza. Tena Kihausa ni katika lugha za Kichadi, ambazo jamaa zake husemwa kandokando yake, si Baghdad.

Nyoka naye aliitwa Sarki, neno ambalo kwa Kihausa ni “mfalme”. Basi alipofika mgeni palikuwapo kisima kilichokwisha chimbwa, malkia katika enzi yake, na cheo chenye jina. Msomaji hana budi kuanza na hao waliochimba kisima, ndipo amfikie Bayajidda.