Grafiki ni nzuri, lakini namba zinatoka wapi?

Nianze na sifa. Our World in Data, kazi ya Max Roser na timu yake kule Oxford, iko bure kabisa: grafiki, ramani, data, unapakua vyote. Wakati nilikuwa naandika memwari yangu ya agronomi, nilichukua pale mstari wa muhogo wa Congo tangu 1961, nikauweka mbele kabisa. Mwalimu akauliza tu: «Nani alipima?» Nikanyamaza.

Nikarudi kwenye chanzo, FAOSTAT. Kule kila namba iko na herufi kando: A ni namba rasmi, E ni makadirio, I ni pengo lililojazwa kwa hesabu. Kwenye ule mstari mzuri herufi hazionekani, zote zinavaa rangi moja. Na ukibonyeza «kwa kila mtu», ujue hata hao watu wamekadiriwa, maana sensa yetu ya mwisho ni ya 1984. Ramani nayo inapaka nchi nzima rangi moja, utafikiri milima ya Walungu na Kongo Central ni shamba moja.

Chombo hakiko kibaya. Sisi ndio tunanakili haraka. Pakua faili, soma herufi, kisha uchore mwenyewe na Datawrapper, nayo iko bure. Makadirio uyatenge kwenye safu yake, yapate mstari wa vipande-vipande. Jiri itaona unachojua na usichojua.

Na wewe, namba za TFC yako, nani alizipima?