Mtoto Yupi? Uhakiki wa Vigezo vya Tuzo ya Caldecott kwa Kurejelea Vitabu Viwili vya Muriel na Tom Feelings

Sehemu hii inahakiki namna vigezo vya kutuza michoro ya vitabu vya watoto vinavyoshughulikia lugha ambayo michoro hiyo inaibeba. Data yake ni vitabu viwili vilivyoandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na Tom Feelings: Moja Means One (1971), cha kuhesabu, na Jambo Means Hello (1974), cha alfabeti. Vyote viwili viliteuliwa kuwa vitabu vya heshima vya Tuzo ya Caldecott nchini Marekani, cha kwanza mwaka 1972 na cha pili mwaka 1975. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kigezo cha hadhira ya mtoto hakitoshi kupima mchoro uliofungamana na Kiswahili, kwa kuwa hakisemi mtoto huyo anazungumza lugha gani.

Tuzo ya Caldecott imekuwa ikitolewa tangu mwaka 1938 kwa mchoraji wa kitabu bora cha picha kilichochapishwa Marekani katika mwaka uliotangulia. Vigezo vyake vya sasa vinahusu umahiri wa mbinu. Ufasiri wa hadithi, dhamira au wazo kwa njia ya picha. Ulinganifu wa mtindo na jambo linaloelezwa. Usawiri wa wahusika, mandhari na taarifa. Na uwasilishaji unaomtambua mtoto kama hadhira. Masharti yanaongeza kwamba tuzo haitolewi kwa sababu ya nia ya kufundisha wala umaarufu wa kitabu.

Kwa vigezo hivyo, uteuzi wa vitabu hivi ulistahili. Tom Feelings, mzaliwa wa Brooklyn aliyewahi kufanya kazi Ghana, hakutegemea wingi wa rangi. Sura na vitu vinajitokeza kwa mpishano wa mwanga na kivuli, na watu wa Afrika wanasawiriwa kwa utu na utulivu. Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, alikitabaruku kitabu cha kwanza kwa watoto weusi wa upande wa magharibi wa dunia. Kwa mtoto huyo, neno ni geni na picha ndiyo mlango wa kuliingilia. Mchoraji alitimiza kazi hiyo kikamilifu.

Tatizo linajitokeza mtoto mzungumzaji wa Kiswahili anapofungua kitabu hichohicho. Katika ukurasa wa namba ya kwanza anaona Mlima Kilimanjaro na neno "moja". Akitakiwa kutaja anachokiona, atasema "mlima mmoja". Namba za Kiswahili kuanzia moja hadi tano, pamoja na nane, huchukua upatanisho wa ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo, kati ya namba kumi za kitabu, sita zinaweza kubadilika kulingana na kitu kilichochorwa. Picha ya watoto inadai "wawili", ya miti inadai "miwili", na ya nyumba inakubali "mbili". Hata ng'ombe, ambaye umbo la jina lake linafanana na nyumba, huhesabiwa "wawili" kwa kuwa ana uhai. Uchaguzi wa kitu cha kuchora ni uamuzi wa kisarufi, hata kama mchoraji hakukusudia hivyo.

Kitabu cha alfabeti kinathibitisha hoja hii kwa njia nyingine. Kina maneno 24, kwa kuacha herufi Q na X za alfabeti ya Kiingereza. Mpangilio huo unaipa C ukurasa wake, ilhali katika maneno ya kawaida ya Kiswahili C hutokea ndani ya "ch" tu. Sauti zinazoandikwa kwa "dh", "gh", "ng'", "ny", "sh" na "th" hazipewi kurasa zake. Mchoro mzuri unaweza kupamba muundo ambao si wa lugha inayofundishwa, na mwamuzi asiyeijua lugha hiyo hana njia ya kuliona hilo.

Yawezekana kupinga kwamba tuzo ni ya Marekani, na vitabu vililengwa kwa watoto wa huko. Pingamizi hili ni sahihi, na uhakiki huu haudai kwamba waamuzi wa mwaka 1972 au 1975 walikosea. Hatari iko katika kuvichukua vigezo hivyo kama kipimo cha jumla na kuvitumia kwa vitabu vya picha vya Kiswahili katika Afrika Mashariki. Huku uhusiano wa picha na neno hugeuka: mtoto analijua neno kabla ya kufungua kitabu, na picha humchochea kulitumia katika sentensi.

Utafiti huu unapendekeza kigezo cha sita: upatanifu wa mchoro na sarufi ya lugha ya matini. Kwa kitabu cha kuhesabu, jopo lichunguze iwapo vitu vilivyochorwa vimeteuliwa kwa kuzingatia ngeli. Mchoraji anaweza kubaki katika ngeli moja ili kumrahisishia anayeanza, au kuchanganya ngeli ili kumzoeza upatanisho. Njia zote mbili zinakubalika, mradi uteuzi umefanywa kwa makusudi na unaonekana katika kurasa zote. Aidha, angalau mwamuzi mmoja akisome kitabu kwa sauti pamoja na watoto wanaozungumza lugha hiyo kabla ya kura kupigwa, kwa kuwa majibu yao ndiyo yatakayodhihirisha iwapo picha na neno vinapatana.