Kung'oa Chipu Bila Kuijeruhi Bodi

Miongoni mwa maradhi mashuhuri yanayozipata kompyuta za zamani ni kufa kwa chipu ya kumbukumbu ndani ya Commodore 64, mashine iliyotolewa Marekani mwaka 1982, ambayo mwenyewe, akiiwasha baada ya kuiweka kabatini miaka mingi, aghalabu huona kioo cheusi tu, pasipo hata herufi moja.

Asili ya maradhi hayo mara nyingi haimo ndani ya mashine, bali imo katika adapta yake. Adapta ile, iliyopasiwa kutoa volti 5 za mkondo mnyoofu pamoja na volti 9 za mkondo geu, ilijazwa gundi iliyoganda ikawa ngumu, hata joto likakosa pa kutokea; na kirekebishi cha volti kilichozikwa humo kikichakaa, zile volti 5 hupanda, na za mwanzo kudhurika huwa ni chipu za kumbukumbu. Kwa hivyo fundi atiaye chipu mpya kabla ya kuipima adapta kwa mita hajatengeneza kitu. Ameyapa maradhi yaleyale chakula kipya.

Katika bodi za awali kumbukumbu imegawanywa baina ya chipu 8 za namba 4164, kila moja ikihifadhi biti 65,536, yaani biti moja tu ya kila baiti: mzigo ni mmoja, wachukuzi ni wanane, na akianguka mmoja mzigo wote humwagika. Wapo waitafutao chipu mbovu kwa kidole, wakiituhumu iliyo moto kupita wenzake, walakini ushahidi wa kidole ni dhaifu, maana nyingine hufa zikiwa baridi. Bora ni katriji ya majaribio iliyotungwa kuichunguza kumbukumbu pasi na kuitegemea, ambayo hutoa hukumu yake kwa kukimwekesha kioo, na idadi ya mimweko ikaonyesha ni ipi iliyo mbovu.

Amma kuing'oa, hapo ndipo penye kazi. Bodi hii ina njia za shaba pande zote mbili, na kila tundu limevikwa shaba ndani ili kuziunganisha. Mwenye pupa, akiivuta chipu nzima ilhali mguu mmoja bado umeshikwa na lehemu, huondoka na shaba ya tundu lile, na hasara yake ikazidi thamani ya chipu mara nyingi. Maadamu chipu imekwisha kufa, haina haki ya kuhurumiwa: hukatwa miguu yake yote 16 karibu na kiwiliwili kwa koleo ndogo, kiwiliwili kikatupwa, kisha kila mguu ukaongezwa lehemu mpya kidogo, kwani ile kuukuu huyeyuka kwa shida, ukapashwa moto na kutolewa kwa kibano pale tu unapolegea wenyewe. Miguu ya 8 na ya 16, iliyoshikana na shaba pana ya umeme, hutaka subira zaidi, kwa kuwa shaba ile huufyonza moto. Ndipo matundu yasafishwapo kwa pampu ya kunyonya lehemu, na badala ya chipu ikalehemiwa soketi.

Kabla ya kuichomeka chipu mpya, hupimwa volti katika soketi tupu, na hapa pana mtego: mguu wa 8 ndio wenye volti 5 na wa 16 ndio wa ardhi, kinyume cha chipu nyingi ndogo za zama zile. Kipengo cha chipu kikielekea upande wa wenzake, na kioo kikitangaza baiti 38911 kuwa huru, kazi imetimia.

Wako mafundi washaurio zing'olewe zote nane kwa mkupuo, kwa hoja kwamba zimeonja umeme mbaya uleule. Hoja hiyo naiheshimu, illa siifuati, kwani ni kuyahatarisha matundu 112 zaidi kwa ajili ya chipu ambazo katriji imekwisha kuzishuhudia kuwa nzima.